LESO MBILI, JINA MOJA: FALSTAFF WA KISWAHILI NA HADHIRA YA MARIKITI

Tafsiri za Shakespeare katika Kiswahili zimezoeleka kuhakikiwa kama matini za kusomwa. Juliasi Kaizari (1969) na Mabepari wa Venisi (1969) za Julius Nyerere, pamoja na Makbeth (1968) na Tufani (1969) za S. S. Mushi, zimepimwa zaidi kwa uaminifu wa maneno kuliko kwa kicheko cha hadhira. Onyesho la Aprili 2012 linadai kipimo kingine. Mwezi huo kundi la Bitter Pill la Nairobi liliigiza Wanawake wa Heri wa Winsa, tafsiri ya Joshua Ogutu ya The Merry Wives of Windsor, katika ukumbi wa Globe, London. Mrisho Mpoto wa Tanzania alikuwa Falstaff. Tamasha hilo lilikusanya tamthilia 37 katika lugha 37, na Waingereza waliohudhuria walipewa muhtasari wa matukio tu, si tafsiri ya mazungumzo. Mswahili aliye safarini ndiye aliyekuwa mwenyeji wa maneno.

Ichukuliwe, basi, familia ya Mombasa iliyo matembezini London: baba, mama, binti aliyefikia umri wa kuposwa na wadogo zake, wote wamesimama katika uwanja wa Globe. Familia hiyo inaingia na Marikiti yake. Jengo la soko hilo ni la mwaka 1914, na hatua chache kutoka hapo ndipo Mtaa wa Biashara wenye maduka ya leso.

Leso huuzwa kwa jozi: vipande viwili vyenye nakshi moja na jina moja. Mwanamke huchagua jina ili limsemee lile ambalo kinywa chake kinalistahi. Falstaff anawaandikia wake wawili wa watu barua zenye maneno yale yale. Kwa msomaji wa Kiingereza huo ni uvivu wa mlaghai. Kwa mama wa Marikiti ni zaidi ya hapo: mwanamume huyu, pasipo kujua, amewavisha mashoga wawili sare. Alitaka kuwagawa, kumbe amewaunganisha kwa neno moja. Kisasi chao kinaanza pale barua zinapowekwa bega kwa bega.

Kapu nalo halihitaji maelezo. Watoto waliokwisha kuwaona mahamali wa Marikiti na mizigo yao watamcheka bwana mkubwa anayebebwa pamoja na nguo chafu na kutupwa mtoni. Baba atacheka kwa tahadhari, maana Ford, mume mwenye wivu, anafanana naye kuliko Falstaff. Binti, kwa upande wake, atamfuata Anne Page, ambaye baba yake amemchagulia mume mmoja na mama yake mwingine, naye akaolewa na wa tatu aliyempenda.

Hapa ndipo penye uzito wa onyesho hilo. Dhihaka ya wanawake dhidi ya wanaume si ngeni Mombasa. Vugo la arusini limeihifadhi kwa muda mrefu. Lakini vugo ni la wanawake, na anayedhihakiwa kwa kawaida hayumo. Uwanja wa Globe unamweka mume kando ya mkewe na binti kando ya wazazi wake, wakicheka jambo ambalo nyumbani husemwa faraghani.

Kwa sababu hiyo jina la tafsiri linastahili lawama. “Wanawake” linaficha ndoa, ilhali mchezo wote umeegemea kwamba hawa ni wake za watu. “Heri” nalo linaelekea kwenye baraka na wema, likiacha nyuma uchangamfu. Hoja ya Shakespeare ni kwamba mke anaweza kuwa mcheshi na bado akawa mwaminifu. Jina hili linabakisha nusu ya pili na kupoteza ya kwanza, nayo ndiyo iliyohitaji kutetewa.

Huenda ikadaiwa kwamba leso haimo katika matini. Ni kweli, lakini tamthilia hukamilika machoni pa watazamaji, na mfasiri hana budi kuwaachia nafasi. Mizani ya tafsiri kama hii isiwe London pekee. Ipelekwe Mji wa Kale, ichezwe mbele ya familia nzima, kisha isikilizwe ni nani anayecheka kwanza, na ni nani anayenyamaza.