Usiku wa saa 15 kutoka Nairobi

Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, Oktoba 28, 2018, gumzo lilikuwa juu ya abiria kuepukana na kubadilisha ndege Ulaya. Kwangu habari kubwa ilikuwa marubani wanne ndani ya Boeing 787 moja. Kwenda ni saa 15, kurudi zaidi ya 14. Watu wawili hawawezi kuibeba kazi hiyo. Hata hivyo, kuongeza watu hakutoshi kama chumba chenyewe wanachofanyia kazi kinawachosha.

Kwanza hewa. Katika ndege nyingi za zamani, zikishapanda juu kabisa, hewa ya ndani huwa nyepesi kama ya mahali penye mwinuko wa futi 8,000, yaani mita 2,400 hivi. Huo ni mwinuko wa Iten, wanakopiga kambi wanariadha. Bodi ya 787 ni ya nyuzi za kaboni, inahimili mgandamizo mkubwa zaidi, kwa hiyo humo ndani haizidi futi 6,000, karibu sawa na Nairobi. Kwa mtu aliyezoea hewa nzito ya Bagamoyo, tofauti hiyo inaonekana kwenye kichwa kuuma na akili kuwa nzito baada ya saa nyingi.

Ukavu ni adui mwingine. Hewa inayovutwa kutoka nje huko juu haina unyevu wowote wa maana, na chumba cha marubani huwa kikavu kuliko kwa abiria, kwa sababu mle pumzi za watu ni chache. Macho yanawasha, koo linakauka. Maji yapo, lakini wapo wanaoyanywa kwa kujibana, maana kila kwenda msalani ni kumwachia mwenzako kiti na mlango wa usalama kufunguliwa.

Jambo linaloniumiza kichwa zaidi ni giza. Ratiba ya mwanzo iliondoa ndege Nairobi saa 5:25 usiku na kuifikisha New York saa 12:25 asubuhi. Ikielekea magharibi, ndege inakwenda na usiku. Majira ya baridi inatua kabla jua halijachomoza. Mwili wa rubani unahesabu saa 8:25 mchana, na bado hajauona mwanga. Mbele yake ni skrini zilizofifishwa na mvumo usiobadilika.

Ndiyo maana kitanda ni sehemu ya mitambo. Marubani wa 787 wana kijichumba juu ya dari, chenye vitanda viwili, na hupokezana. Wanaopanda kwanza wanalala usiku wao wa kawaida. Wa zamu ya pili wanalazimisha usingizi wakati mwili umeshaamka, na katika mashirika mengi hao ndio watakaotua. Hapo ndipo ningeweka macho kama ningekuwa mpanga zamu.

NASA walipima marubani wa safari ndefu na kutoa ripoti mwaka 1994: waliopewa dakika 40 za kupumzika kitini walilala wastani wa dakika 26, wakawa macho zaidi kuliko wenzao ambao hawakulala. Lakini usingizi huo ulipangwa, na wengine walibaki kazini. Agosti 15, 2022 ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Khartoum iliipita Addis Ababa ikiwa bado futi 37,000. Ikaripotiwa kwamba marubani wote wawili walisinzia, hadi king'ora cha otopailoti kilipowaamsha. Ilikuwa safari fupi. Dereva wa lori akizidiwa Ubena Zomozi anaegesha kando ya barabara ya Morogoro. Rubani hana pa kuegesha.

Air Tanzania inazo 787 tangu Julai 2018, na imezipeleka Mumbai na Guangzhou. Safari zikizidi kurefuka kutoka Dar es Salaam, kabla ya bei ya tiketi, ningependa kuona kwenye ratiba nani analala, na saa ngapi.