Glavu za Fundi wa Karasha

Kutoka Katoro hadi Mwakitolyo, dhahabu ya wachimbaji wadogo hutegemea mikono ya mtu asiyeingia duarani, yaani shimoni mwa mgodi: fundi wa kuchomelea. Ndiye anayeunda karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na kuziba nyufa zake. Karasha ikipasuka, mwalo mzima, yaani eneo la kuchenjulia dhahabu, unasimama, naye huitwa hata usiku.

Mtazame anavyochagua glavu za ngozi. Kabla ya kuuliza bei anageuza moja ndani nje, anavuta mshono wa kidole gumba. Uzi wa nailoni huyeyuka cheche zikitua, glavu ikafumuka huku ngozi ingali nzima. Kwa kazi nzito anataka ngozi nene ya ng'ombe, yenye kiraka kiganjani na shingo ndefu inayofunika kifundo cha mkono. Kwa kazi ndogo anachukua ya mbuzi, laini, ili vidole vihisi kinachoshikwa. Iliyolowa haivai, maana maji hupitisha umeme. Wala haianiki karibu na moto, kwa kuwa ngozi husinyaa na kukakamaa.

Ninachomheshimia zaidi ni hiki: akimaliza kuchomelea, anazivua kabla mashine haijawashwa. Mkanda unaozunguka ukinasa glavu, huondoka na mkono. Kwa hiyo karasha huijaribu kwa mikono mitupu, yenye makovu ya glavu mbovu za miaka ya nyuma.

Wewe mwenye karasha, unapopatana na fundi wako bei ya kazi, weka na bei ya glavu.