Mashindano ya Majadiliano: Ashinde Mnenaji au Mpimaji?

Mashindano ya majadiliano yamekuwa desturi katika shule zetu nyingi, nasi twayapenda. Mtoto aliyezoea kusimama mbele ya watu na kuitetea hoja yake kwa adabu amepata mali isiyoibwa. Siku hizi walimu wengi wamechagua kwamba watoto wajadiliane juu ya usalama katika mtandao, yaani jinsi mtu awezavyo kuzilinda fedha zake, siri zake na jina lake jema, asiibiwe kwa njia ya simu na intaneti. Hilo nalo twalisifu, kwa maana jambo lenyewe limekwisha kuingia nyumbani mwetu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo fedha za mkulima, ambazo zamani zilifungwa katika pindo la kanga au kufichwa chini ya kitanda, zimehamia katika simu. Mwizi naye hakubaki nyuma. Amehama pamoja nazo.

Walakini kusifu peke yake si kazi ya rafiki. Twataka kuikosoa namna mashindano hayo yanavyopangwa na kuamuliwa. Twaona ya kuwa mara nyingi hutuzwa asiyestahili, na anayestahili akaachwa. Tena katika habari hii ya usalama kosa hilo si dogo.

Mfano mmoja utatosha. Katika shule moja ya sekondari, tusiyoitaja jina, tuliyasikiliza majadiliano ya hoja hii: intaneti ina madhara kuliko faida. Kila upande ulikuwa na wasemaji watatu. Msemaji wa kwanza alikuwa kijana mwenye sauti ya kengele. Alisema ya kuwa kila atumiaye mtandao hana budi kuibiwa siku moja, na ya kuwa wezi wa mtandao waweza kuifungua simu yoyote wakiwa wamekaa mbali. Watu wakapiga makofi. Baadaye alisimama msichana wa upande wa pili, akamwuliza kwa upole maswali mawili tu. Huyo mwizi aliyemtaja aliipataje namba ya siri? Je, aliivunja simu, au aliambiwa na mwenye simu mwenyewe? Yule kijana hakujibu. Alirudia maneno yake ya kwanza kwa sauti kubwa zaidi. Waamuzi wakampa yeye zawadi kwa ushujaa wake wa kusema, na juu ya yule msichana wakasema ya kuwa sauti yake ilikuwa ndogo.

Sisi twasema ya kuwa katika maswali yale mawili mlikuwamo somo zima la usalama, nalo lilipita bila kuokotwa. Tazameni wizi tunaousikia vijijini mwetu. Mtu hupokea ujumbe usemao ya kuwa zile fedha zitumwe kwa namba nyingine. Aliyeuandika hamjui, ameupeleka kwa watu wengi, akitumaini ya kuwa miongoni mwao yumo mmoja ambaye siku hiyo alikuwa karibu kumtumia ndugu yake fedha. Mwingine hupokea ujumbe ulioandikwa mfano wa ujumbe wa kampuni, wa kuonyesha ya kuwa ameingiziwa fedha. Kisha hupigiwa simu na mtu anayelia ya kuwa amezituma kwa makosa, arudishiwe upesi kwa ajili ya mgonjwa. Kama mtu huyo angalitazama salio lake kabla ya kutuma, angaliona ya kuwa hakuna kilichoingia. Mwingine huambiwa ya kuwa anayempigia ni mfanyakazi wa kampuni, naye humtajia namba yake ya siri. Katika mambo hayo yote hapana kufuli lililovunjwa. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani, na ufunguo ulikuwa maneno matamu.

Kwa hiyo tapeli ni nani? Tapeli ni mnenaji hodari. Ajua kuinua sauti na kuishusha. Ajua kutia hofu na kutia huruma. Ajua kumharakisha msikilizaji asipate nafasi ya kuuliza. Basi, ikiwa shule yafanya mashindano juu ya usalama, na zawadi yapewa yule aliyewavuta watu kwa sauti bila ushahidi, je, shule imemfundisha nani? Imewafundisha wasemaji ya kuwa ushahidi si kitu, nayo imewafundisha wasikilizaji kumpigia makofi mtu asiyejibu alilouliziwa. Wasikilizaji wa namna hiyo ndio anaowatafuta tapeli.

Wakristo hawana haja ya kwenda mbali kutafuta fundisho la jambo hili. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 27, twasoma habari za mzee Isaka, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Yakobo alimjia na ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, akajiita Esau. Isaka alipata shuhuda mbili zisizopatana: sauti ilikuwa ya mdogo, bali mikono ilikuwa na malaika kama ya mkubwa. Alitia shaka, akauliza, akapapasa. Walakini mwisho aliifuata mikono akaiacha sauti, na baraka ikaenda. Twaamini ya kuwa Mungu aliligeuza jambo lile kwa kusudi lake. Lakini kwetu sisi wenye simu fundisho li wazi. Shuhuda mbili zikipingana, usitoe kitu mpaka umepata ya tatu. Sauti ikisema ni mwanao, na namba si ya mwanao, ipigie namba yake uliyoizoea kwanza.

Kosa la pili la mashindano hayo ni hoja zenyewe. Kuuliza kama intaneti ina faida au madhara ni sawa na kuuliza kama mto una faida au madhara. Mto hunywesha na mto huzamisha, na kijiji hakiwezi kuuhamisha. Hoja kama hiyo haina mwisho, wala haimfundishi mtu kitu atakachofanya kesho. Hoja njema ni ile ambayo pande zote mbili zina haki, na uamuzi wake wabadili desturi nyumbani.

Twapendekeza moja. Je, mzee asiyejua kusoma ampe mjukuu wake namba ya siri ya simu yake? Upande wa kuunga mkono watasema ya kuwa bibi asipopata msaada hawezi kuzifikia fedha zake, na ya kuwa afadhali asaidiwe na damu yake kuliko kumwambia mgeni dukani. Upande wa kupinga watasema ya kuwa kampuni za simu zinakataza namba ya siri isipewe mtu yeyote. Ya kuwa ni kumtia mtoto katika jaribu. Na ya kuwa wazee wengi wasiojua kusoma barua huzijua tarakimu, kwa sababu wamehesabu fedha sokoni maisha yao yote, kwa hiyo waweza kufundishwa kuzibonyeza wenyewe. Hapo hakuna upande wa wajinga. Kila msemaji itampasa amfikirie bibi yake mwenyewe, na kila mzazi atakayesikiliza atarudi nyumbani akiwa na jambo la kuamua.

Kosa la tatu ni lugha. Katika shule za sekondari za Tanzania masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na twafahamu kwa nini walimu wataka watoto wakizoeze. Lakini katika mashindano tuliyoyataja wazazi na wazee walialikwa, wakaketi katika viti vya mbele, wakacheka watoto walipocheka, wakaondoka kama walivyokuja. Wao ndio wenye fedha katika simu. Kuwaonya kwa lugha wasiyoisikia ni kama kupiga kengele ya hatari kwa kitambaa. Kiingereza kina siku zake nyingi katika mwaka. Siku ya wazee iwe ya Kiswahili.

Sasa tuseme jinsi tunavyoona yafaa kupanga. Hoja itangazwe majuma mawili kabla ya siku yenyewe, na watoto watumwe kutafuta habari. Waende kwa wakala wa fedha wamwulize ni ulaghai gani auonao. Waisome Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, au walio Kenya ile ya mwaka 2018, wajue ya kuwa kumlaghai mtu kwa simu ni kosa lenye adhabu. Wajue pia ya kuwa Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya iliitangulia mwaka 2019. Wajifunze mambo ya kutenda: ya kuwa huko Tanzania ujumbe wa ulaghai hupelekwa kwa namba 15040 pamoja na namba ya aliyeutuma, na ya kuwa kwa kubonyeza *106# mtu huweza kujua kama kuna laini nyingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake bila yeye kujua. Mtoto aliyekwisha kuyafanya hayo hatakuja ukumbini na makelele matupu.

Kisha twasihi jambo moja kwa nguvu: mtoto asitaje jina la mtu aliyeibiwa, wala asiisome namba ya mtu yeyote. Aliyelaghaiwa huona haya, na haya hiyo ndiyo maficho ya mwizi, kwa kuwa jirani asiyeambiwa huibiwa kwa hila ile ile kesho yake. Tukimfanya mtu kichekesho mbele ya kijiji, wengine watafunga midomo. Habari isemwe, jina lifichwe.

Katika siku yenyewe, kila msemaji apewe dakika tano, na baada yake upande wa pili upewe dakika mbili za kumwuliza, naye ajibu hapo hapo. Kitabu cha Mithali, sura ya 18, chatuonya ya kuwa asemaye kwanza huonekana ana haki mpaka mwenziwe aje kumchunguza. Basi nafasi ya kuchunguza isiachwe. Alama ziwe 100, nazo zigawanywe hivi: 40 kwa ushahidi, 40 kwa kuuliza na kujibu, na 20 kwa ufasaha. Waamuzi wawe watatu, na mmoja wao awe mtu aijuaye kazi ya fedha za simu, apate kusema kama neno lililonenwa ni la kweli.

Wengine watatujibu ya kuwa majadiliano ni mchezo wa ulimi, wala si mtihani wa maarifa, na ya kuwa tukiupunguza ufasaha tutaua utamu wake. Hatukatai ya kuwa ufasaha ni zawadi ya Mungu. Lakini hao wautazame urithi wa Waswahili wenyewe. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyekufa yapata mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu siku za uadui baina ya miji ile miwili. Mashairi yake yalihifadhiwa kwa bidii ya Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, mmisionari wa C.M.S., na diwani yake ilichapishwa mwaka 1940. Katika kujibizana kwa namna hiyo, desturi ni kwamba anayejibu huifuata bahari ya aliyemwanza, na mara nyingi vina vyake pia, kisha hulishika neno la mwenziwe na kulirudisha. Asiyesikiliza hawezi kujibu. Atimbaye njia yake mwenyewe ameshindwa, hata akiwa na sauti ya tarumbeta. Basi kumpima mtu kwa jibu lake si ugeni tulioletewa, wala hakukuua utamu. Utamu wenyewe ulitoka hapo.

Tena mtoto aliyezoezwa hivyo atafaa mahali pengi kuliko katika simu. Atafaa katika baraza la kijiji, katika chama cha ushirika, na katika kamati ya kanisa, ambako nako mara nyingi mwenye sauti kubwa hupita bila kuulizwa fedha zilikwenda wapi. Kuuliza kwa adabu si utovu wa heshima. Mtu mwaminifu akiulizwa hujibu, wala hakasiriki; akasirikaye kwa swali jema amekwisha kutupa sababu ya kumwuliza la pili.

Walimu wenzetu, mwaka huu mnapopanga mashindano, hesabuni kilicho hatarini. Fedha za mavuno zilizo katika simu ya mjane mmoja ndizo karo ya mtoto wake, ndizo mbegu za mwaka ujao, ndizo dawa. Tapeli huzichukua kwa mazungumzo ya dakika tatu. Kinachoweza kumzuia katika dakika zile tatu ni swali moja lililoulizwa kwa utulivu: umejuaje, na nitahakikishaje? Basi zawadi yenu wekeni hapo, apewe mtoto ajuaye kuuliza swali hilo, hata sauti yake ikiwa ndogo.