Kama Kate Angerudi Mbalibali

Likizo iliyopita mjukuu wangu aliniletea kitabu cha katuni cha Kimarekani. "Babu, humu mna binti wa Serengeti," akasema. Nilicheka. Enzi zangu za ualimu mkuu vitabu vya namna hiyo niliwanyang'anya wanafunzi. Lakini kwetu sisi wa Mbalibali jina la Serengeti halipiti bure. Nikavaa miwani.

Binti huyo ni Ororo, aitwaye Storm, mwenye kuamuru mvua. Waandishi wanasema mama yake alikuwa Mkenya, na yeye alitembea toka Misri hadi uwanda wa Serengeti. Hilo halikunishangaza, maana hapa Mara Waikizu husimulia habari za Nyakinywa, mwanamke wa mvua. Kilichonishika ni hadithi iliyotoka katika X-Men namba 141 na 142, mwaka 1981, kazi ya Chris Claremont na John Byrne.

Ni mwaka 2013. Mitambo iitwayo Sentinels inatawala Marekani, na waliozaliwa na vipaji vya ajabu wamekwisha karibu wote. Roho ya mama mmoja, Kate, inarudishwa hadi 1980, katika mwili wake wa usichana, ili azuie kuuawa kwa seneta Kelly. Kifo hicho ndicho kilichozaa maafa.

Hapo pana fundo. Kate akifaulu, ile kesho mbaya haitakuwapo. Isipokuwapo, nani atamtuma? Asipotumwa, nani atamwokoa seneta?

Katika filamu ya Superman ya 1978, shujaa huyo anairudisha nyuma saa ya dunia, mpenzi wake anafufuka, na hakuna anayelipa chochote. Huo naona ni udanganyifu. Claremont na Byrne wana ukweli zaidi: seneta anapona, lakini serikali inaagiza mitambo ile ile kwa siri. Mtu ameokolewa, chuki imebaki.

Nakiri nilikisoma kwa sababu yangu. Mwaka 1987 nilisaini barua ya kumfukuza msichana wa darasa la saba aliyepata mimba. Ndio uliokuwa utaratibu. Alikuwa hodari wa hesabu kuliko wote. Mara nyingi nimerudi kwenye meza ile kwa mawazo, nikaiweka kalamu chini. Lakini fundo la Kate linanikamata: anayekataa kusaini ni mzee huyu, aliyefundishwa na barua ile ile. Mwalimu wa 1987 hakuona kosa lolote. Na hata angekataa, mkono mwingine ungesaini, kwa kuwa utaratibu ulikuwapo.

Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Hakuna aliyerejea zamani kulileta jambo hilo. Lilidaiwa miaka mingi na watu wa wakati wao.

Kasoro ya hadithi ni moja. Ororo wa 2013 anauawa, Kate anaokoa wakati wake wa zamani, kisha kitabu kinafungwa. Waliobaki katika ile kesho iliyoharibika hatuambiwi waliishije.

Wangu namwona siku za mnada, akiuza dagaa. Hupiga hesabu kwa kichwa, upesi, bila karatasi. Akiniona huinuka na kusema, "Shikamoo, mwalimu." Nami huitikia.