Wekundu Uliogeuzwa Kijani: Hadithi ya Jiwe na Mfasiri wa Kiswahili

Makala haya yanachunguza tatizo moja la tafsiri katika Hongloumeng, riwaya ya Kichina ya Cao Xueqin iliyochapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1791, takriban miaka 30 baada ya kifo chake. Riwaya hii huitwa pia Hadithi ya Jiwe, na jina hilo ndilo lililonivuta. Nimekulia kati ya Kisii na Nyamira, ambako watoto huzoea mapema vinyago vya jiwe la sabuni kutoka Tabaka. Nilipokutana, nikiwa mwanafunzi, na jiwe moja lililosazwa baada ya mungu wa kike Nüwa kuziba anga kwa mawe 36,500, jiwe ambalo baadaye huandikwa hadithi yake juu yake lenyewe, sikuona ugeni. Tangu hapo mapenzi yangu kwa fasihi ya China hayajapoa.

Hata hivyo, jiwe hilo nimelisoma kwa Kiingereza. David Hawkes, aliyefasiri sura 80 za mwanzo katika juzuu zilizotoka kati ya 1973 na 1980 (John Minford akamalizia 40 zilizosalia), alikabiliwa na rangi nyekundu inayotawala riwaya hata katika jina lake, ndoto ya jumba jekundu. Kwa Wachina, alieleza, wekundu ni ujana, majira ya kuchipua na neema. Kwa Waingereza, maana hizo hubebwa na kijani au dhahabu. Hivyo makazi ya kijana Baoyu, yenye wekundu katika jina lake la Kichina, yakapewa ukijani.

Uamuzi huo una mantiki kwa msomaji aliyekusudiwa. Hoja yetu ni kwamba msomaji wa Kiswahili siye huyo. Pwani yetu ina kisutu, kanga ya harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Papo hapo, wekundu kwetu ni damu na ghadhabu. Yumkini mtu atadai kuwa uwili huu utampotosha msomaji. Sikubaliani naye. Katika sura ya 97 na 98, zilizo katika sehemu ambayo wahakiki hubishania mwandishi wake, Baoyu anaozwa Baochai kwa hila akidhani anamwoa Daiyu. Naye Daiyu, aliyekuwa akikohoa damu, anakata roho wakati wa harusi hiyo. Wekundu wa Kiswahili unabeba kisutu na damu kwa pamoja. Kijani hakiwezi.

Mfasiri atakayeanzia kwenye Kiingereza atarithi kijani bila kujua kilichoondolewa. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianzishwa mwaka 2005, na wapo vijana wetu wanaojifunza Kichina kwa ajili ya biashara. Kwa kumalizia, tunapendekeza idara za Kiswahili ziwaalike vijana hao wafasiri moja kwa moja kutoka Kichina, wakianza na sura hizo mbili.