Poda Haina Jinsia: Uhakiki wa Manukato ya Infusion d'Iris

Katika somo la fasihi tumefundishwa kwamba kazi ya sanaa huhakikiwa kwa fani na maudhui yake, na kwamba mhakiki asitoe hukumu kabla ya kuifuata kazi hadi mwisho. Katika insha hii nahakiki manukato kwa vigezo hivyohivyo. Ni Infusion d'Iris ya kampuni ya Prada ya Italia, yaliyotungwa na Daniela Andrier na kuanza kuuzwa mwaka 2007. Dada yangu aliniletea kichupa aliporudi Kampala kutoka Dubai, akasema, "Haya ni ya kike, lakini yatakufaa." Kauli hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Tuanze na fani. Mwanzoni hunukia chenza na ua la mchungwa, lakini kwa dakika chache tu. Kisha huingia airisi yenyewe. Wengi hudhani harufu hii hutoka kwenye ua, kumbe hutoka kwenye mizizi minene inayofanana na tangawizi. Mizizi hiyo humenywa, hukaushwa na kuwekwa ghalani kwa miaka 3 hivi au zaidi, kwani ikiwa mibichi haina harufu inayotafutwa. Ikishakomaa hukenekwa, na kinachopatikana huganda kama siagi. Ni miongoni mwa malighafi ghali zaidi katika utengenezaji wa manukato. Mwishoni hubaki ubani na mbao za mwerezi.

Nilipoyanusa mara ya kwanza nilimkumbuka nyanya akijipaka poda shingoni Jumapili asubuhi. Hata hivyo, poda ya nyanya ilikuwa na utamu, na hii haina. Ni kavu, ina ubaridi, na kwa mbali ina harufu ya udongo. Hali yake ni ya shati jeupe lililotoka kupigwa pasi, au ya kanisa baada ya waumini kuondoka na ubani kubaki hewani. Sioni huzuni humo. Naona utulivu wa mtu anayesikiliza kuliko anavyosema.

Sasa suala la jinsia. Siku ya kwanza kuyatumia bwenini, mwenzangu alicheka: "Leo unanukia kama mama mzazi!" Wote wakacheka, nami nikacheka nao, lakini kwa wiki mbili kichupa kilikaa sandukuni. Nilikitoa baada ya kipindi cha sarufi. Tukisema "amejipulizia manukato", kiambishi *a-* hakitwambii kama ni mwanamume au mwanamke. Luganda, lugha ya nyumbani kwetu, nayo ni hivyohivyo. Ngeli zetu hazimgawi mtu kwa jinsia yake. Mbona tuigawe harufu?

Kampuni yenyewe inanipa ushahidi. Mwaka 2008 ilitoa Infusion d'Homme kwa ajili ya wanaume, mtunzi akiwa Andrier huyohuyo, na airisi imo tena. Kama airisi ingekuwa ya kike kweli, isingepewa nafasi katika chupa ile. Ukike huo umo katika tangazo na katika mazoea yetu. Ukiyasoma manukato yenyewe hadi mwisho huukuti.

Dosari yake ni upole uliozidi. Katika joto la Kampala na moshi wa bodaboda, kufika saa sita mchana ni lazima uinue mkono hadi puani ndipo uyapate. Kwa bei yake, mwanafunzi ana haki ya kulalamika.

Pamoja na hayo, nimerudi kuyatumia, hata siku za mhadhara. Kauli ya dada naisahihisha kidogo: neno "lakini" halikuhitajika. Yananifaa, basi.