Ufundi wa Kuuliza

Mwanamke amekaa na wenzake kwenye duara. Anasema kwa sauti ndogo: "Bwana ananipiga kwa sababu mimi si mke wa maana." Kila mwenye huruma angetaka kumkatisha hapo hapo amwambie hapana, mama, huna kosa lolote. Mwezeshaji aliyeiva hasemi hivyo, ingawa ndivyo anavyoamini. Anauliza: "Mara ya mwisho alipokupiga, mama, mambo yalianzaje siku hiyo?" Anamwacha asimulie mpaka mwisho. Kisha anauliza habari ya siku nyingine, ile ambayo chakula kiliiva mapema na watoto wameshalala. Siku hiyo je, hakupiga? Alipiga. Mwezeshaji ananyamaza tena, na wenzake nao wananyamaza, hadi mama mwenyewe aseme kile ambacho duara zima limeshakiona: kipigo kilikuja alipokosea na kilikuja asipokosea.

Nimeusoma ufundi huu kwa muda mrefu na bado unanistaajabisha. Wazo lililokaa kichwani miaka mingi halitolewi kwa maneno ya faraja. Mama angeshukuru kwa upole, angefunga kitenge chake, angerudi nyumbani na wazo lile lile. Linalomsaidia ni kupembua, kama mtu mwenye ungo: hili ni tukio, hili ni wazo langu juu ya tukio, na hii ni hisia iliyozaliwa na wazo hilo. Mwezeshaji anaweza kumshikia ungo, lakini anayepembua ni mama.

Huduma ninayoizungumzia iliitwa Nguvu. Iliandaliwa katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, kwa ajili ya wanawake wa Kikongo wanaofanyiwa ukatili na wenzi wao. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996, watu wa Kivu Kusini walipokuwa wakivuka Ziwa Tanganyika kuikimbia vita. Watafiti wa Johns Hopkins na wa Chuo Kikuu cha Muhimbili walishirikiana na shirika la misaada la IRC kutunga vikao vinane na kuvijaribu. Walioviongoza hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa wakimbizi waliofundishwa kazi hiyo na kulipwa posho, watu wanaosubiri mgao kwenye foleni moja na wale wanaowahudumia.

Mzizi wa njia hii ya kupembua mawazo uko mbali. Patricia Resick na wenzake waliitunga Marekani kuanzia miaka ya 1980, awali kwa wanawake waliobakwa, na ilitegemea sana fomu: mgonjwa anaandika nyumbani, anarudi na karatasi yake. Ukiichukua hivyo hivyo na kuipeleka kwa mama ambaye hakupata nafasi ya kusoma, umemwongezea aibu nyingine. Waliotangulia kulitatua jambo hilo walikuwa Kongo kwenyewe, huko Kivu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika New England Journal of Medicine. Kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono, zile fomu zilirahisishwa hadi zikawa hatua chache za kukariri, zinazobebeka kichwani mtu akienda shambani au kisimani. Wanawake walikaa vikundi vya sita hadi wanane, wakiongozwa na wasaidizi wa kijamii wa hapo hapo. Miezi sita baada ya vikao kwisha, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9. Miongoni mwa waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja pekee, walikuwa asilimia 42.

Nyarugusu ilikuwa na ugumu wake, na hapa ndipo heshima yangu kwa kazi hii inapozidi. Tiba ya Resick ilikusudiwa kwa jambo lililokwisha kutokea. Mke anayepigwa anarudi jioni kwenye nyumba ile ile. Akisema "naogopa ataniua," hilo huenda si wazo la kupembuliwa hata kidogo. Huenda ni habari sahihi kuliko zote alizozileta siku hiyo. Mwezeshaji asiyejua atamtuliza, na utulivu huo unaweza kumponza. Anayejua atatenganisha hofu ya jana na hofu ya leo. Ile ya leo haibishanii. Anaifanyia mpango: jirani yupi anaaminika, watoto watapita njia ipi, nani ataitwa usiku. Ndiyo maana Nguvu iliunganisha tiba ya mawazo na ushauri wa usalama ndani ya huduma moja. Sijui kazi nyingi zinazomtaka mtu aamue jambo zito namna hiyo katikati ya sentensi ya mwenzake.

Maneno nayo hayakuletwa kutoka hospitali. Kabla ya kuwapima wanawake, watafiti waliuliza kwanza kambini watu wanaitaje mateso yao, wakaambiwa huzuni, hofu, msongo wa mawazo. Wakaanzia hapo.

Halafu ipo siri. Nyumba za kambini zimesogeleana, na mwezeshaji ni jirani. Kesho atakutana na yule bwana kwenye njia ya maji, naye lazima amsalimie sawasawa na alivyomsalimia juzi, uso usibadilike. Hakuna mafunzo ya siku chache yanayoweza kumpa mtu uso huo. Anaupata kwa mazoezi, na kwa kuwa na msimamizi wa kumweleza yale asiyoweza kumwambia mtu mwingine.

Kwa msimamizi ndiko maswali yanakonolewa. Chukua lile linalomtoka karibu kila anayeanza: "Kwa nini hukuondoka?" Halina ubaya moyoni mwa anayeuliza, ila masikioni mwa mama ni shtaka jingine, naye atajitetea au atafunga mdomo. Msimamizi anamwelekeza alipindue: "Siku ile ungeondoka, mama, ungekwenda wapi?" Sasa mama anaanza kutaja: kwa dada yake angefika usiku sana, mtoto wa mwisho alikuwa na homa, kadi ya mgao ilikuwa kwa bwana. Katika jibu hilo hilo mwezeshaji ameshapata mambo matatu ya kuweka kwenye mpango wa usalama, kuanzia na ile kadi.